Nilimchoka Mkorea, Nikamkuta Zena Uani Kwangu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa. Naishi peke yangu Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye chumba cha kupanga ambacho mlango wake unatazama shamba la watu. Mume sina. Rafiki sina. Tivii sina, na sitaki kuiona!

Mtanicheka, najua. Mtasema mama mzima, ndoa yake imevunjwaje na tamthilia ya Wakorea? Chekeni tu. Lakini mkimaliza kucheka nisikilizeni, maana huenda na wewe unayesoma hapa jioni ya leo umekalishwa mahali, unaangalia mambo ya watu, na ya kwako yanakwenda…

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona nimeandika hovyo mnisamehe. Majina nitayataja. Kuna aliyeniambia, Asha, ukisimulia mambo haya ficha majina. Nifiche kwa nini? Wao waliponitenda hawakuniona haya. Na mimi nimwonee nani haya?

Nilizaliwa Urambo. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa tumbaku, na jina langu la kwetu ni Kabula. Mrisho alikuja kule kutengeneza milango ya ghala, yeye ni fundi seremala, akaniona, akapeleka posa kwa baba. Nikasilimu, nikaitwa Asha, nikaletwa mjini, Cheyo. Ndugu zake ni wale watu wa mji wa zamani, ambao babu zao walikuja na misafara kutoka pwani wakafika hapa wakatua mizigo na kubaki. Wanajiona wao ndio Tabora yenyewe! Mimi kwao nilikuwa mtu wa shamba. Nikakubali. Nikajifunza kupika wanavyopika, kuvaa wanavyovaa, hata kucheka nilijifunza kucheka kwa kujiziba mdomo.

Tulijaliwa mtoto mmoja tu, Nuru. Nuru akakua, akaolewa, akaenda Mwanza na mumewe.

Hapo ndipo nyumba yangu iliponyamaza.

Mrisho hakuwa msemaji tangu mwanzo, nisimsingizie. Lakini Nuru alipokuwepo alikuwa anatusemesha wote wawili, kama mtu anayebeba ndoo mbili, moja huku moja kule. Alipoondoka, zikabaki ndoo tu. Nikimwuliza mume wangu, za kazi? Ananijibu, nzuri. Nikimwambia chakula tayari, ananawa. Akimaliza anasema alhamdulillah, na hilo nalo hakuniambia mimi, alimwambia Mungu. Basi mpaka kesho.

Nilikuwa nazungumza na kuku, wasomaji! Kweli kabisa. Nawaita kwa majina, nawasimulia bei ya mafuta, nawagombeza. Upweke wa kukaa peke yako ninao sasa hivi, naujua ulivyo. Lakini ule wa kukaa na mtu, mkala sahani moja, mkalala kitanda kimoja alichokichonga kwa mikono yake, na asikwambie kitu… ule ni mwingine. Ule unakufanya ujishike uso kuona kama bado upo.

Sasa nimtaje wa kwanza. Zena. Mama Shufaa.

Huyu nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Aliachika zamani, anauza vitenge sokoni kila siku kuanzia asubuhi mpaka alasiri, ana maneno, ana manukato, ana sebule yenye makochi ya vitambaa vya kufuma na tivii pana kama mlango wa choo. Siku moja alinikuta nje nachambua mchele huku naongea na kuku wangu, akasimama akanitazama.

"Shoga, unaongea na nani?"

Nikaona aibu. Nikasema naimba.

"Unaimba bei ya mafuta?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniambia kwa upole, "Mama Nuru, utaota ukungu humo ndani na huyo bubu wako. Njoo kwangu saa kumi na moja. Kuna tamthilia mpya ya Wakorea, inazungumzwa Kiswahili. Ya mapenzi! Njoo ujisahau."

Nikaenda. Nani asingeenda? Ilikuwa mara ya kwanza tangu Nuru aondoke mtu kuniambia njoo.

Tulikuwa wanne. Zena mwenyewe, mimi, Bi Tatu ambaye ni mjane anayeuza ubuyu, na Mama Kulwa mke wa dereva wa malori. Ilikuwa desturi yetu kila mtu aje na kitu cha kutafuna. Mama Kulwa karanga, Bi Tatu ubuyu wake, mimi nilikuwa naleta matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, natumiwa na mama kutoka kwetu Urambo. Tunaketi, tunavua viatu, tamthilia inaanza, tunakaa mpaka adhana ya magharibi.

Mwanzoni nilipenda. Majina ya wale watu yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Yule kijana tulimwita Bwana Koti, kwa sababu kiangazi, masika, yeye yumo ndani ya koti refu. Binti tulimwita Mwavuli. Mama yake kijana, anayemchukia binti, tulimwita Bi Kisirani, na akitokea tu Bi Tatu anamzomea kama mwizi wa kuku.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Koti anampenda Mwavuli, lakini hasemi. Mwavuli anampenda Bwana Koti, naye hasemi. Wanafanya kazi ofisi moja. Wanapishana kwenye ngazi. Wanatazamana. Muziki unapiga… Mvua inanyesha, yeye ana mwavuli, mwanaume hana, wamesimama kituo cha basi. Basi, siku zile zote tukangoja kama atamfunika. Hakumfunika! Basi likaja, akapanda, mwanaume akabaki analowa anatazama taa.

Mama Kulwa akasema, "Kwetu huyu angeshakufa na kichomi."

Tulicheka. Lakini zilipopita wiki, ikaja miezi, nikaanza kuchoka. Mtu anafungua mlango dakika tano. Mtu anakunywa kahawa, anatazama dirishani, anakumbuka kituo cha basi, na sisi tunaonyeshwa kituo kile kile tena, mvua ile ile. Nikasema jamani, hawa watu hawana midomo? Nikasema mimi hii inanitia usingizi.

Zena alinikatalia. Kila mara! "Vumilia shoga, utamu uko mbele. Mapenzi ya kweli hayana haraka." Na hapo ndipo aliponipa sumu, nami nikainywa nikidhani ni asali ya kwetu.

Aliniambia hivi. "Unamwona Bwana Koti? Kimya vile, lakini moyoni anawaka moto. Mrisho wako ndiye huyo huyo. Wanaume wa kimya wanapenda kwa ndani. Wewe kosa lako unamsumbua kwa maneno, za kazi, za kazi, kama karani. Mwanamke wa maana hamsumbui. Tazama Mwavuli anavyofanya."

Mwavuli alikuwa anafanya nini? Anaweka kikombe cha kahawa mezani kwa yule mwanaume, anaondoka bila kusema neno. Mwanaume anakishika kile kikombe kwa mikono miwili, anakitazama, machozi yanamlenga.

Na mimi nikafanya! Wasomaji wenzangu, mimi Kabula binti wa mkulima wa tumbaku, nikaacha kumsemesha mume wangu nikimwiga binti wa Kikorea! Mrisho akirudi karakana jioni, anakuta chupa ya chai iko mezani, kikombe kimefunikwa na sahani, kitambaa safi pembeni, na mimi nimeshatoka. Sikumwuliza tena za kazi. Sikumwuliza kama amechoka. Nilikuwa nasubiri akishike kile kikombe kwa mikono miwili… Nilikuwa nasubiri siku atakayokuja kunitafuta, aseme, Asha, mbona huniongeleshi?

Zena alikuwa ananiuliza kila siku, "Umemwacha apumzike?" Nasema nimemwacha. "Umwache mpaka magharibi, ndiyo atakuona wa thamani."

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo mimi sikulitilia maanani, na ningelitilia maanani ningejiokoa.

Zena, mwenye tivii, mwenye kuisifu tamthilia, mwenye kutwambia utamu uko mbele, hakuwa anaiangalia! Tukishaketi, muziki wa kuanza ukipiga, yeye anajitanda mtandio. "Jamani naenda kumtazama mama, presha imempanda. Msinizimie tivii." Anatoka. Anarudi muziki wa mwisho unapiga, anajipepea na khanga, anaketi, anauliza karanga zimebaki? Anakula.

Hakuuliza kilichotokea. Hata siku moja! Wewe unayependa tamthilia, ukikosa hata kidogo tu ukaenda chooni, ukirudi unauliza nini? Unauliza, "Enhe, ikawaje?" Sote tulikuwa tunauliza. Mama Kulwa alikuwa anauliza hata akipiga chafya. Zena hakuuliza. Nilidhani labda anaangalia marudio ya asubuhi. Marudio gani, na asubuhi yuko sokoni na vitenge vyake?

Lakini mimi nilikuwa nashukuru kuwa na pa kwenda. Mtu mwenye njaa hatazami sahani imetoka kwa nani.

Ikaja ile siku. Ilikuwa Ijumaa. Jana yake walikuwa wametuonyesha vipande, Bwana Koti amemshika Mwavuli mkono darajani, theluji inaanguka, amefungua mdomo. Anasema! Leo anasema! Bi Tatu alikuja na ubuyu wa kutosha harusi. Hata mimi niliyechoka nilijipaka wanja. Nilijiambia, huyu akisema leo, na wangu atasema. Mnaona ujinga wa moyo?

Zena akajitanda mtandio, mama ana presha, akatoka.

Tukakaa. Wakakutana darajani. Theluji. Mwanaume akamshika mkono. Binti akainua uso. Mwanaume akafungua mdomo… tukaacha kutafuna… simu ikalia! Simu ya nani? Ya Bi Kisirani. Mwanaume akaitazama simu. Akamtazama binti. Akaitazama simu. Akafunga mdomo. Akamwachia mkono. Wakaturudisha kituo cha basi, mvua ile ile ya siku zote!

Kitu kikakatika ndani yangu. Sijui niwaeleze vipi. Niliona miezi yangu yote imesimama pale kituoni inalowa. Nikainuka nikasema, "Mimi basi. Simtaki tena huyu mwanaume wala koti lake. Naenda nyumbani kumwuliza mume wangu za kazi."

Bi Tatu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Keti Mama Nuru! Keti, utakosa!"

"Nikose nini? Kuna nini cha kukosa?"

"Bado kidogo tu, subiri iishe!" Mama Kulwa naye amenishika upindo wa khanga, anavuta. "Dada, subiri Zena arudi, usitoke hivyo, utamvunjia heshima mwenye nyumba."

Wakatazamana. Nikaona wametazamana, nisielewe. Nikaivuta khanga yangu nikatoka.

Jua lilikuwa bado lipo. Watoto wanacheza mpira njiani. Nilikuwa natembea haraka, na naapa kwa Mungu moyo wangu ulikuwa mweupe, nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia, Mrisho, chai ina sukari ya kutosha? Nitamwambia, Nuru amepiga simu anakusalimu. Nitaanza na lolote tu, tuseme.

Nikafika mlangoni kwangu. Nikasikia mtu anacheka uani.

Mwanaume anacheka. Nikadhani tumepata mgeni, labda shemeji Idi amekuja. Nikasogea kwenye ukuta wa jiko… ni Mrisho! Mume wangu anasimulia! Anasimulia jinsi baba yake alivyompeleka porini kulina asali akiwa mdogo, moshi ukamzidi, akashuka mtini bila suruali, suruali imebaki na nyuki. Sauti yake inapanda, inashuka, anaiga nyuki, anaiga baba yake.

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nimekaa na mtu huyu tangu usichana wangu, nimemzalia, nimemfulia hizo suruali… sikuwahi kuisikia. Nitawaambia ukweli, niliposimama pale nilitabasamu. Ndiyo. Kwa dakika ile nilisahau kujiuliza anamsimulia nani.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, tamu, inavuta.

"Enhe… ikawaje?"

Zena!

Yeye ambaye hakuwahi kutuuliza sisi ikawaje! Nikajitokeza. Amekaa kwenye mkeka wangu, mtandio umemwanguka mabegani, miguu kainyoosha kama yuko kwake. Chupa ya chai niliyoiacha mimi iko kati yao. Kikombe changu yuko nacho yeye, Mrisho anacho kingine. Walikuwa wanakula matobolwa ya mama yangu.

Sikuwakuta na jambo chafu, nisiwazulie. Ingekuwa afadhali! Jambo chafu lina mwisho wake, mtu anavaa nguo anaondoka. Mimi nilimkuta Mrisho amempa maneno. Yale maneno yote niliyokuwa nayangoja, amempa Zena, jioni kwa jioni, na mimi nikiwa kwenye sebule yake naangalia watu wasiosema.

Zena alinitazama bila kupepesa. "Mbona mapema, shoga? Tamthilia imeisha?"

Nikamgeukia mume wangu. Nikamwambia Mrisho, sema. Sema nini hiki. Yule aliyekuwa anaiga nyuki sasa hivi, amekuwa jiwe. Nikapiga magoti, wasomaji. Nikamwambia nitukane basi, nipige, lakini sema kitu! Akainuka, akachukua kofia yake msumarini, akaenda msikitini kungoja magharibi.

Haukupita mwezi, akamwoa. Ndoa ya halali, mbele ya shekhe wa mtaa, nani angepinga? Wazee wao wakaniambia dini inamruhusu, binti Kabula tulia. Siku ile waliniita Kabula, jina ambalo hawakulitamka miaka yote! Akahamishia nguo zake nyumba ya tatu. Kwa zamu, walisema, siku mbili kule siku mbili huku. Huku hakufika. Alikuwa anapita mbele ya mlango wangu na msumeno wake begani, anatazama chini.

Nikampigia Nuru, nikalia. Nuru akasema mama vumilia, baba ni baba. Nikajua ameshapigiwa simu kabla yangu. Na yeye akaniambia vumilia! Mwanangu wa tumbo langu.

Lakini kilichonimaliza si hicho. Kilichonimaliza ni bombani. Nilimkuta Bi Tatu anachota maji, nikamshika ndoo. Nikamwuliza, Bi Tatu, mlikuwa mnajua?

Akatazama huku na huku. "Sasa Mama Nuru, tungefanyaje?"

"Mngeniambia!"

"Tungekwambia, Zena angetuzimia tivii." Akasema hivyo hivyo, bila hata kuona haya, kama mtu anayekueleza jambo la kawaida. "Na tamthilia ilikuwa bado haijaisha."

Nilimwachia ndoo yake. Ungefanya nini? Mimi nilikuwa nimeuzwa kwa kuangalia kituo cha basi! Na waliendelea kwenda, yeye na Mama Kulwa, jioni zile zile, karanga zile zile. Nilikuwa nawasikia wanavyomzomea Bi Kisirani, nami niko kizani kwangu sijawasha taa ili watu wadhani nimetoka. Mrisho naye, nasikia, alikuwa humo humo, kwenye kochi nililokuwa nakaa mimi.

Nikahama. Nyumba ile ni ya ukoo wao, ningekaa kama nani? Nikaja huku Itetemia, nikakodi chumba na kipande cha kulima karanga.

Ikapita karibu mwaka. Siku moja akaja shemeji Idi, kaka yake mkubwa Mrisho, mtu wa heshima, huyu sina ugomvi naye. Nikamwamkia shikamoo, nikamwekea kiti. Akaniambia Mrisho hana raha. Zena amechoka naye, habari zake zimekwisha, zile za nyuki na nyingine zote ameshazisikia, sasa anamwambia unanijazia sebule. Anataka kurudi kwangu. Atakuja huku huku Itetemia nikitaka.

Shemeji Idi akainamisha kichwa. "Tena shemeji, usinikasirikie. Mwenyewe anasema wewe ndiye uliyenyamaza. Anasema alikuwa akirudi anakuta chai imefunikwa na nyumba haina mtu. Alidhani umemchoka."

Wasomaji… mnaona nilivyoliwa? Mnaona Zena alivyonipika, akanipakua, akanila? Alinifunga mdomo mimi, halafu akaenda kumwonea huruma yeye kwa kufungwa kwangu mdomo!

Moyo wangu ulilainika, sitawadanganya. Upweke si mchezo. Nikamwambia shemeji, mimi simkatai. Ni mume wangu. Lakini asitume mtu. Aje mwenyewe, akae hapo, aseme kwa kinywa chake, Asha nirudie. Maneno mawili tu. Akiyasema, napanga vitu vyake leo leo.

Akaja. Alasiri, jua liko juu ya karanga zangu. Alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi. Nikatandika mkeka. Nikaleta chai. Safari hii sikuondoka! Nikakaa mbele yake, nikamsemesha mimi. Nikamwuliza za kazi. Nzuri. Nikamwuliza njia ilikuwaje. Nzuri. Nikamwambia hata ile ya nyuki nilikuwa sijaisikia, nisimulie basi na mimi. Akazungusha kikombe.

Nikangoja. Majirani walipita, wakaamkia, wakaenda. Chai ikapoa, nikabadilisha. Nilikuwa nautazama ule mdomo, nausaidia kwa macho. Sema, Mrisho. Ukisema nimesamehe kila kitu. Hata la Zena nimesamehe.

Hakusema.

Mwisho nikamwambia, sikumkaripia, nilimwambia taratibu kama mtu anayemwamsha mtoto. Nikasema, mume wangu, kama neno la kunirudia linakushinda, basi sema lile jingine. Niachilie nami nijue niko wapi.

Nilidhani litamshtua. Nilidhani sasa ndiyo ataweka kikombe chini aseme hapana Asha, sikuja kwa hilo.

Akasema, "Asha, nimekupa talaka."

Pale pale! Bila kukwama, bila kukohoa. Na sauti yake ilikuwa nzuri… Akamalizia chai, akavaa viatu, akaenda zake. Nilikaa edda yangu humu chumbani, peke yangu, nikiisikiliza ile sauti.

Zena, ukisoma haya, mimi sina cha kukufanya. Bi Tatu, Mama Kulwa, na nyie pia. Nasikia tamthilia iliisha na mmeshaanza nyingine, ya Wakorea vile vile. Mrisho, wewe husomi magazeti, lakini watakusimulia.

Na wewe dada yangu unayesoma. Mimi sikukatazi kuangalia Wakorea, hawajui hata Tabora iko wapi, sina ugomvi nao. Ninalokuomba ni hili. Kitu kikikuchosha, inuka. Usikalishwe na mwenye nyumba anayekuahidi mazuri ya kesho wakati yeye mwenyewe hakai kuyatazama. Usifundishwe na mwanamke mwingine namna ya kumnyamazia mumeo. Na kama una mtu wa kimya ndani, usingoje mpaka afungue mdomo mwenyewe darajani. Mwulize leo. Mwulize unanitaka au hunitaki, na umkazie macho wakati unamwuliza.

Akikujibu, mshukuru Mungu wako. Asipokujibu, funga mizigo yako uondoke kungali mchana, bado una nguvu za miguu. Mimi niliondoka jioni.